Dawa ya mbwa haipunguzwi ikawa ya paka

"Daktari, habari za kazi. Nipo Tanga mjini. Nina mbwa mmoja wa ulinzi, paka jike na watoto wake wawili wa kama wiki tano, na kuku wachache nyuma ya nyumba. Viroboto wametuzidi. Nilikwenda duka la dawa za mifugo nikauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaambiwa kizibo kimoja kwa ndoo. Mbwa nilimwogesha, hakupata shida. Paka nikamwogesha kwa nusu kizibo. Jioni akaanza kutoka mate, masikio na miguu vinamtetemeka, hakula siku mbili. Namshukuru Mungu amepona. Sasa wiki tatu hazijaisha viroboto wamerudi kama mwanzo, na mjukuu wangu anatambaa sakafuni. Jirani mmoja ananiambia nitumie mafuta ya taa, mwingine mwarobaini, mwingine anasema wachomwe sindano ya minyoo ya ng'ombe. Je, nipunguze dawa hadi robo kizibo? Dawa gani ni salama kwa wote?"

Shikamoo mama, na pole kwa yaliyomkuta paka. Naanza na hilo la robo kizibo, maana likikosewa halina marekebisho. Usipunguze, acha kabisa. Dawa hiyo isimguse tena paka wala watoto wake, hata kama ni tone moja kwenye ndoo nzima.

Naelewa ulivyopiga hesabu. Mbwa ana kilo thelathini, paka ana tatu, basi naye apewe kidogo. Kama tofauti yao ingekuwa uzito tu, hesabu yako isingekuwa na kosa. Tofauti yenyewe iko kwenye ini.

Dawa za kuogesha mifugo zinazouzwa madukani kwetu ziko katika makundi makubwa matatu: piretroidi, amitrazi na oganofosfeti. Hukuniandikia jina lililo kwenye chupa, lakini masikio kutetemeka, miguu kurukaruka na mate kumtoka saa chache baada ya kuoga ni mwenendo wa piretroidi. Oganofosfeti nazo humtoa mnyama mate, ila mara nyingi huja na kuharisha, kujikojolea, na mboni za macho kusinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Itazame chupa. Majina mengi ya piretroidi kwenye lebo huishia na herufi "thrin", hivyo hata ukiwa huna miwani ya kusomea maandishi madogo, mwambie mtoto akutafutie herufi hizo tano.

Piretroidi hushambulia mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu hupitisha taarifa kwa kufungua na kufunga milango midogo inayopitisha sodiamu. Dawa hii huushika mlango ukiwa wazi, ukashindwa kujifunga, na taarifa iliyopaswa kupita mara moja ikapita mfululizo bila kukatika. Kiroboto hutetemeka hadi akafa. Mbwa naye huifyonza kiasi fulani, lakini ini lake huikamata, huifunga na kuitoa kwa mkojo. Kwa paka, kimeng'enya, yaani kemikali ya ini inayofanya kazi ya kuifunga, ni hafifu mno. Dawa hubaki ikizunguka mwilini, na wakati huo paka anajilamba manyoya, kwa hiyo anajiongezea dozi mwenyewe. Udhaifu wa aina hiyohiyo ndio unaofanya kidonge kimoja cha Panadol, ambacho wewe unameza kichwa kikakuachia, kiweze kumuua paka mzima.

Nikuambie na langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa bwana mmoja dawa ya matone ya mbwa yenye permethrini, mojawapo ya hizo piretroidi. Mbwa nilimpima, dozi nikahesabu, maelezo nikayatoa yote. Sikumuuliza kama nyumbani kuna paka. Paka alikuwepo, na alikuwa na desturi ya kulala amejikunja tumboni kwa mbwa yule. Kesho yake aliletwa ndani ya boksi la karatasi akiwa kwenye degedege. Alikaa kwetu siku tatu, akapona. Tangu hapo kila mwenye mbwa ananiona msumbufu, maana hata kabla sijamgusa mbwa wake nimeshauliza habari za paka.

Kwa hiyo hata huyo mbwa wako, ukimwogesha tena kwa dawa hiyo, paka na watoto wasimkaribie mpaka akauke kabisa. Kama ni matone ya piretroidi yaliyokolea, watenganishe siku tatu. Ila mimi ningekushauri uachane nayo hata kwa mbwa, kwa sababu nitakayoieleza hapo chini.

Tuje kwenye viroboto kurudi. Watu wengi wakiona hivi husema dawa imeshindwa, wakaongeza ukali. Dawa haikushindwa, ilikutana na sehemu ndogo tu ya adui. Ukihesabu viroboto mia katika nyumba yenye wanyama, wakubwa wanaoonekana kwenye manyoya ni kama watano. Hamsini ni mayai, thelathini na tano ni mabuu, na kumi wamo ndani ya vifukofuko. Jike mmoja hutaga mayai arobaini hadi hamsini kwa siku. Mayai hayo hayanati. Ni laini kama punje za chumvi, hudondoka popote paka anapolala au kujikuna. Buu akitoka hukimbia mwanga, akajificha chini ya mkeka, kwenye nyufa za saruji, chini ya kochi, kwenye mchanga wa kivuli barazani. Huko anakula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha anajifungia kwenye kifukofuko kinachonata vumbi, na humo dawa nyingi hazimfikii. Anaweza kukaa miezi akisubiri mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi ya mnyama.

Ndiyo maana mtu anayerudi kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu hushambuliwa miguuni mara tu anapofungua mlango. Na kwa joto na unyevu wa Tanga, safari yote kutoka yai hadi kiroboto mkubwa inaweza kumalizika ndani ya wiki tatu. Hesabu wiki zako, utaona zimelingana.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha pia ni viroboto kweli. Chukua chanuo la chawa, lile la meno yaliyobanana, mchane paka kiunoni karibu na mkia, halafu kung'uta juu ya karatasi nyeupe. Utaona punje nyeusi. Zidondoshee maji kidogo na usubiri. Zikitoa rangi ya kutu inayosambaa kwenye karatasi, hiyo ni damu ya paka wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Zikibaki nyeusi, ni vumbi.

Sasa hao watoto wawili, na hapa mama naomba usingoje. Wiki tano ni wadogo mno kwa karibu dawa zote nitakazozitaja, lakini ndio walio hatarini kuliko wote. Viroboto jike 72 hunywa pamoja kama mililita moja ya damu kwa siku. Mtoto wa paka wa nusu kilo ana damu yote mililita thelathini hivi. Akiwa na viroboto mia mbili, na hilo si jambo geni, hesabu ifanye mwenyewe. Mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa na rangi ya waridi, una nafasi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, amelegea na hanyonyi, mpeleke kwa daktari leo.

Kama bado wana nguvu, waogeshe mmojammoja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo iliyozimuliwa. Sabuni haina sumu ya kiroboto. Inavunja ule utando wa juu wa maji unaomfanya aelee, akazama. Anza kwa kumzungushia povu shingoni, vinginevyo wote watakimbilia usoni na masikioni. Dakika tano zinatosha. Msuuze, mkaushe kwa taulo hadi akauke kweli, maana mtoto wa paka aliyeloa hupoteza joto haraka na baridi inaweza kumuua kabla ya kiroboto. Baada ya hapo tumia chanuo kila siku, na kila unayemkamata umtose kwenye kikombe cha maji ya sabuni.

Mama yao yeye ana dawa. Anayofaa kuanza nayo ni matone ya shingoni yenye fipronili au selamektini yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, na picha ya paka ipo kwenye pakiti. Kwa kawaida zote mbili hutumika kuanzia umri wa wiki nane. Fipronili hukaa kwenye mafuta ya ngozi na kufunga milango ya neva ambayo kwa mdudu ni tofauti na ya mnyama, kwa hiyo paka huivumilia vizuri. Selamektini huingia mwilini na kuua baadhi ya minyoo pia. Kwa kuwa huyu bado ananyonyesha, mimi ningechagua selamektini, na mwambie daktari kwamba ananyonyesha. Selamektini isipopatikana, usirudi dukani kununua "kitu kinachofanana".

Matone yanawekwa kwenye ngozi. Watu wengi huyamwaga juu ya manyoya wakaona wamemaliza. Tenganisha manyoya nyuma ya kichwa, mahali ambapo ulimi hauwezi kufika, mpaka uone ngozi, ndipo ukamue. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada, maana unaosha mafuta yanayobeba dawa. Watoto wasimlambe shingo mpaka pakauke. Kwa saa kadhaa waweke kwenye boksi, uwatoe wakati wa kunyonya ukiwa unaangalia.

Kwa mbwa una nafasi kubwa zaidi. Kuna vidonge vya kutafuna vya jamii ya isoksazolini, vilivyoanza kuingia sokoni kuanzia 2013. Mbwa anameza, kiroboto au kupe akinyonya damu anakufa. Vingine hudumu mwezi, na kimojawapo kiitwacho fluralaneri huenda hadi wiki kumi na mbili. Kwa nyumba kama yako navipenda kwa sababu moja ya wazi: manyoya ya mbwa hayana kitu cha kumdhuru paka anayejisugua naye wala mjukuu anayemkumbatia. Kasoro zake ni mbili. Bei yake ni kubwa ukilinganisha na chupa ya dawa ya kuogesha, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa hupata mitetemo au degedege. Ni wachache, lakini kama mbwa wako amewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari, utapewa kingine. Fedha isipotosha kwa kidonge, fipronili ya mbwa ya matone au ya kupuliza, kulingana na uzito wake, ni chaguo la heshima kabisa.

Uzito usikisie. Mbebe paka, panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, toa. Mbwa wa kilo thelathini usimbebe, utagombana na mgongo wako. Mpitishe penye mizani ya nafaka.

Kuhusu ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa mbwa: ikiwa ni amitrazi, inaua kupe vizuri sana na viroboto haiwafanyi lolote la maana. Nimeona watu wakimwogesha mbwa kila Jumamosi, kupe wanapukutika, viroboto wanaendelea na maisha yao, na mwenye mbwa anazidi kuongeza dawa. Mwisho mbwa anasinzia, moyo unaenda polepole, mwili unapoa. Na kizibo si kipimo. Kizibo cha chupa ya maji na kizibo cha dumu havilingani, na ndoo ya lita kumi si ndoo ya lita ishirini. Aliyekuuzia pengine alikuwa na nia njema, lakini hakukuuliza ndoo gani wala nani anaoga.

Majirani zako wote watatu wamesema kwa mapenzi, nami nitawajibu kwa upesi. Mafuta ya taa hapana. Yanaunguza ngozi, na paka akijilamba mvuke na matone huingia mapafuni. Nimonia ya namna hiyo ni ngumu kuitibu. Mwarobaini una kemikali inayovuruga ukuaji wa wadudu, hilo ni kweli, na maji ya majani yaliyochemshwa na kupozwa kwa kumsuuza mbwa sina ugomvi nayo, ingawa hayatamaliza tatizo lenye ukubwa huu. Mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa usimpake paka. Sindano ya ng'ombe ni ivermektini: viroboto haiwaui ipasavyo, imekolea kwa ajili ya mnyama wa kilo mia tatu, na kosa dogo kwenye bomba la sindano kwa paka wa kilo tatu si dogo tena. Halafu kuna ile dawa ya unga inayonyunyiziwa kuku na mimea. Hukuitaja, lakini najua ndiyo itakayofuata. Paka atailamba yote, na mjukuu atapitisha viganja humohumo.

Nyumba ndiyo kazi kubwa, na nusu yake haihitaji fedha. Kila siku kwa wiki mbili za mwanzo fagia mpaka pembeni, chini ya makochi na vitanda, na takataka uzitupe nje mara moja. Zikikaa kwenye pipa la jikoni wanarudi. Tandiko la paka lifue kwa maji ya moto, nyuzi sitini ikiwezekana. Mikeka na magodoro yatoe juani. Jua la Tanga ni dawa yako ya bure, kwani buu akikauka anakufa. Nyufa za sakafu zipitishie maji ya moto yenye sabuni kisha ukaushe. Mchanga wa kivuli anapolala mbwa uchotwe na kubadilishwa. Ukitaka kupuliza dawa ndani, uliza yenye piriproksifeni au metopreni, ambazo huzuia mayai na mabuu kukua, na usome kama imechanganywa na zile "thrin". Ikiwa imechanganywa, paka na mtoto wakae nje mpaka kila kitu kikauke na hewa ipite. Chandarua chenye dawa, kwa sababu najua utauliza, hakina shida: dawa yake imeshikamana na nyuzi. Usikifanye tandiko la paka tu.

Kisha vumilia. Hata ukifanya yote hayo, utaendelea kuona viroboto kwa wiki kadhaa, kwa sababu walio kwenye vifukofuko watakuwa wanatoka. Tofauti ni kwamba sasa kila anayetoka anarukia mnyama mwenye dawa, anakufa kabla hajataga. Mbwa na paka mkubwa wape dawa siku moja na uendelee miezi mitatu mfululizo. Anayeacha baada ya dozi ya kwanza kwa kuwa "wamepungua" ndiye ninayemwona tena mwezi unaofuata.

Na kuku? Watazame kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, na kuzunguka macho. Ukiona vidoti vyeusi vimeganda kundi zima na haviruki ukivigusa, hao ni viroboto wa kuku, wa aina nyingine, nao huhamia kwa mbwa na kunata pembezoni mwa masikio. Banda lisafishwe, mboji ya chini itolewe, na mbwa asilale humo. Usiwapake kuku fipronili iliyobaki. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Ulaya kwa sababu hiyohiyo, na yai la kuku wako linaliwa na mjukuu. Sungura pia hawaiwezi fipronili, inawaua.

Mjukuu mwenyewe hatari yake kubwa ni kung'atwa na kujikuna hadi vidonda. Ila paka na mbwa hupata tegu kwa kumeza kiroboto, na mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni anaweza kumeza kiroboto vilevile. Ukiona punje kama za mchele chini ya mkia wa paka, omba na dawa ya minyoo. Ukiona kwenye kinyesi cha mtoto, mpeleke kituo cha afya.

Paka akija kupatwa tena na kile kilichompata, hata kwa kumgusa mbwa, fanya hivi. Muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo ili dawa itoke kwenye manyoya. Maji ya moto huharakisha dawa kuingia kwenye ngozi, ya baridi humshusha joto. Mfunge kwenye taulo kavu. Usimnyweshe maziwa. Najua sote tumelelewa kwamba maziwa huua sumu; hayaui, na paka anayetetemeka yatamwingia mapafuni. Usimtapishe. Mchukue pamoja na chupa au pakiti yenyewe, uende kwa daktari wa wanyama usiku huohuo. Akishaanza degedege, kuna dawa za kutuliza misuli na neva ambazo huwezi kuzipata nyumbani, na anayewahi mara nyingi hupona. Hali hiyohiyo ya kukimbilia kwa daktari iwe kwa mbwa anayesinzia kupita kiasi baada ya kuoga, na kwa mnyama yeyote ambaye fizi zimepauka.

Ile chupa iliyobaki usiimwage chooni wala mtaroni, ikifika kwenye maji inaua samaki. Ifunge vizuri, iweke juu ambako mtoto hafiki, mbali na mafuta ya kupikia, na chupa ikiisha isitiwe kitu kingine. Chukua kalamu nzito uandike ubavuni, kwa herufi ambazo hata jirani ataziona akija kuazima: SI YA PAKA.